Miaka Arobaini Bila Kuonja

Shangazi yangu Katunge alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoonja kahawa ya kwao kwa mara ya kwanza. Alimeza funda moja, akaketi sakafuni na kikombe mkononi, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Jirani yake alidhani ameungua mdomo.

Hakuwa ameungua. Alikuwa ameshtuka tu, na ninavyomfahamu, hadi leo mshtuko huo haujamtoka.

Katunge alizaliwa kwenye vilima vilivyo juu ya Kasikeu, katika Makueni. Nyumba ya babu yangu Ndululu imekaa kwenye mteremko, na chini yake kuna matuta matano ambayo kwa miaka arobaini yalikuwa na miti ya kahawa peke yake, miti mia mbili na kitu. Shangazi alianza kuchuma akiwa na miaka kumi na miwili, kikapu kimefungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Baadaye aliolewa mbali, Kyuso, kaskazini mwa Kitui, kwenye mbuzi na ndengu na jua. Huko yeye ni fundi wa nguo. Anashona sare za shule na madera, na kwa kuwa mdomo wake huwa umeshika pini kutwa nzima, watu wamezoea kusema kwamba si mtu wa maneno.

Nyumbani kwetu, binti akiolewa popote, mwezi wa Novemba hurudi kuchuma. Haitwi. Anafika tu na leso yake ya kazi. Wanachuma pamoja tangu umande haujakauka, wanachagua matunda mekundu na kuacha ya kijani, na saa nne wanakaa chini ya miti ya kahawa na kunywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Jioni kahawa yote inapelekwa kiwandani. Hata matunda yaliyokaukia mtini au kuanguka, ambayo kwetu huitwa mbuni, nayo yalikusanywa kwenye gunia na kwenda. Nyumbani hapakubaki hata mbegu moja. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza kwa nini.

Novemba iliyopita, siku ya mwisho ya kuchuma, babu alisimama juu ya tuta na fimbo yake, akawatazama watu wakifunga magunia, akasema, "Basi. Hiyo ndiyo ya mwisho. Mwezi wa pili Gedion analeta msumeno. Tunapanda avokado."

Gedion ni baba yangu, mdogo wake Katunge. Anauza nyanya Malili, kwenye barabara kuu, na amewaona watu wa avokado wakipakia malori. Babu ana miaka sabini na tisa. Magoti yake hayamruhusu tena kupanda matuta na pampu ya dawa mgongoni. Ukimsikiliza baba yangu, huna la kumjibu. Shangazi aliinama akaendelea kufunga gunia lake, lakini fundo likamshinda.

Miti ile aliipanda mama yake, Mutindi, ambaye sisi wajukuu tulimwita susu. Alibeba maji kutoka mtoni kwa mtungi, mti mmoja mmoja, mwaka ambao mvua ilikosa. Susu alifariki miaka minne iliyopita. Shangazi aliwaza kwamba miti ikikatwa, hakutakuwa na kitu chochote kilicho hai ambacho mikono ya mama yake ilikianzisha, isipokuwa wao watoto, na wao wenyewe wamezeeka. Alitaka babu abadili nia. Hakujua amwambie nini mzee ambaye magoti yake yanauma.

Alasiri ile alijaza matunda mekundu kwenye kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, akalifunika kwa leso na kulitia ndani ya mfuko wake. Aliona haya njia nzima hadi Kyuso. Alijiona mwizi.

Chumba chake cha kushonea kimepakana na duka la Rahmo, ambaye mume wake, Kusow, hununua na kuuza mbuzi. Rahmo anauza sukari, tende, shuka na sabuni, na hakuna siku inayopita bila yeye kuingia kwa Katunge kuona anashona nini na kusema angeshona vipi kama angejua kushona. Asubuhi ya pili baada ya shangazi kurudi, Rahmo alisimama mlangoni na pembe ya shela puani.

"Mama Mutanu, umepika pombe? Kanisa lako linajua?"

"Ni kahawa, Mama Hirsi."

"Mimi nimekunywa kahawa tangu nikiwa na meno ya maziwa. Kahawa haina harufu hiyo."

"Ni mbichi. Imetoka nyumbani. Baba anakata miti, nikachukua kidogo."

Rahmo alichutama, akachukua tunda moja na kulibinya. Mbegu mbili zenye utelezi zikaruka kwenye kiganja chake. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Subhanallah. Kumbe inavaa nguo nyekundu." Akabinya jingine. "Na hii ya mama yako, ladha yake ikoje?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kuionja."

Rahmo alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Wewe si umezaliwa ndani ya kahawa?"

"Ndiyo."

"Mama yako?"

"Hakuonja."

"Baba yako?"

"Anakunywa chai."

"Miaka mingapi?"

"Arobaini."

Rahmo aliketi juu ya rundo la vitambaa bila kuangalia kilichokuwa chini yake. "Abaayo, dada yangu," akasema polepole, "hiyo ni kama mtu kufuga ngamia miaka arobaini na hajui maziwa."

Shangazi anasema ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema jambo lile kwa sauti. Yeye aliyaona maisha yale kama mtu anavyouona ukuta wa nyumba yake: upo, umekuwepo, basi. Sasa ghafla ukuta ulikuwa mbele yake na hakuelewa nani aliujenga. Alijaribu kumkumbuka mama yake akinusa hata tunda moja, hakumkumbuka. Alikumbuka vidole vyake tu, vyeusi kwa utomvu, vikishika kikombe cha chai.

"Usilie," Rahmo akasema. "Menya."

Wakamenya. Waliziloweka mbegu usiku mmoja hadi ule utelezi ukaachia, wakaziosha maji matatu, wakazianika juu ya wavu wa dirisha uliolazwa kwenye viti viwili. Jua la Kyuso halina huruma. Siku ya tisa ganda la ndani lilikuwa linapasuka likiguswa. Wakatwanga kidogo kidogo kwenye kinu, wakapepeta. Kutoka kwenye kopo zima walipata vikombe viwili vya mbegu za kijani. Viwili tu.

Rahmo alikuwa na njia yake. Kwao mbuni, ile ambayo sisi tunaihesabu kuwa takataka, hukaangwa nzimanzima ndani ya samli na kupewa wageni wa heshima, wakatafuna mbegu na kujipaka samli yenye harufu mikononi. Shangazi alishangaa tena kusikia hivyo. Lakini alipoona Rahmo ameshika kopo la samli, alifunika kikombe kwa kiganja.

"Ukitia samli, nitaonja samli. Ukitia tangawizi, nitaonja tangawizi. Mimi nataka kuonja kahawa."

"Basi subiri," Rahmo akasema. "Nina kitu cha watu wavivu."

Alirudi na birika la kioo, jembamba na refu, ambalo binti yake Bilan alimletea kutoka Nairobi na ambalo yeye alikuwa akilitumia kuwekea vijiko. Mfuniko wake ulikuwa na tundu katikati, na katika tundu hilo ilipita fimbo ya chuma yenye chujio la duara chini yake. Unatia kahawa na maji, unangoja, kisha unasukuma fimbo kwa mkono na makapi yote yanakwenda chini. Hivyo ndivyo Bilan alivyoeleza. Hayo mengine hakuyaeleza, au aliyaeleza na mama yake hakusikiliza.

Waligawa kikombe cha kwanza nusu. Waliikaanga ile nusu mpaka ikawa nyeusi kama mkaa, kwa sababu Rahmo alisema kahawa isiyo nyeusi ni deni. Waliitwanga ikawa laini kama unga wa uji. Kisha shangazi akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: alitia maji, maziwa na sukari kwenye sufuria moja, akavichemsha hadi vikapanda, akamwaga vyote ndani ya birika, juu ya ile kahawa, vikiwa bado vinatokota. Chai hupikwa hivyo. Hakuwa na sababu ya kudhani kwamba kitu kingine cha kunywa hupikwa namna nyingine.

Akasukuma fimbo. Fimbo ikakataa.

"Ongeza nguvu," Rahmo akasema.

Katunge ana mikono ya mtu aliyekata vitambaa kwa miaka thelathini. Aliweka viganja viwili juu ya fimbo, akainua visigino, akaegemea.

Ulisikika mlio kama wa tairi. Maziwa na kahawa viliruka hadi kwenye mabati, vikashuka juu ya cherehani, juu ya shela la Rahmo na juu ya kanzu nyeupe ya kwaya iliyokuwa imetundikwa ukutani ikingoja Jumapili. Rahmo alipiga ukelele mmoja ambao watu wa soko la mbuzi wanauzungumzia mpaka sasa. Kusow alitokea mlangoni mbio akiwa ameinua bakora.

"Iko wapi? Nyoka iko wapi?"

"Hakuna nyoka," shangazi akasema, maziwa yakimdondoka kwenye nyusi. "Ni kahawa."

Kusow alitazama dari, akamtazama mke wake, akashusha bakora. "Haya," akasema, na kurudi kwa mbuzi wake.

Birika halikuvunjika, na mpaka leo hawajui ni kwa nini. Shangazi aliunguzwa kidogo kwenye kifundo cha mkono. Robo ya kahawa ya mama yake ilikuwa inachuruzika kwenye ukuta.

Rahmo alimpigia binti yake na kuiweka simu juu ya cherehani ili wote wasikie. Bilan alicheka hadi akakohoa.

"Mama, mlitia maziwa? Ndani ya birika?"

"Sasa kahawa bila maziwa ni nini?"

"Ni kahawa, Mama."

Kisha akawaeleza upya, na safari hii wakasikiliza. Msiikaange mpaka iwe mkaa. Ikilia kama bisi na kugeuka rangi ya mandazi yaliyoiva sana, epueni mpepete ipoe. Iacheni ipumzike siku nzima. Msiitwange unga, kwa sababu unga unaziba chujio, iwe chembechembe. Maji yachemke, kisha mwache birika la maji kando mpaka vurugu yake itulie. Vijiko vitatu vya kulia kwa hilo birika la kioo. Mimineni, korogeni mara moja, funikeni, ngojeni dakika nne. Sukumeni kwa uzito wa mkono tu, na fimbo ikikataa msipigane nayo, inueni kidogo ndipo mrudi. Na ikiisha, mimineni yote kwenye vikombe papo hapo, maana ikikaa na makapi inaendelea kujipika na kuwa chungu.

Siku mbili baadaye walijaribu nusu iliyobaki ya kikombe cha kwanza. Shangazi alitwanga taratibu, akasugua kati ya vidole mpaka akahisi kitu alichokijua, mchanga wa mtoni. Akapitisha kwenye kichujio cha chai, akautupa ule unga laini. Hakuiamini saa ya ukutani, kwa hiyo alihesabu dakika nne kwa Zaburi ya ishirini na tatu, akiisoma kwa mwendo wa kanisani mara nne.

"Na mimi Mwislamu nitahesabu na nini?" Rahmo aliuliza.

"Na simu yako. Nyamaza, nimefika kwenye bonde."

Fimbo ilishuka bila ugomvi. Kahawa iliyomiminika haikuwa nyeusi kama alivyotarajia. Ilikuwa na wekundu ndani yake ukiiangalia kwenye mwanga wa mlango. Hakutia maziwa wala sukari. Alivuta funda.

Kwanza ulikuja ukali wa zambarau, ule unaobana taya. Alitaka kukunja uso, lakini kabla hajakunja ukali ukageuka, na nyuma yake kukawa na utamu wa mbali, kama wa muwa uliokatwa jana. Halafu ukabaki. Alimeza na bado ulikuwa mdomoni, unafunguka. Hapo ndipo alipoketi sakafuni.

"Umeungua?" Rahmo akauliza. "Mama Mutanu! Umeungua?"

"Mama alikufa bila kujua hii," shangazi akasema.

Rahmo alichukua kikombe kutoka mkononi mwake, akanywa, akakitazama ndani.

Kikombe cha pili cha mbegu hawakukigusa. Shangazi alikifunga kwenye kitambaa. Mwezi wa pili ulipoingia, baba yangu aliposema kwamba watu wa msumeno watakuja Jumamosi, yeye alifunga chumba cha kushonea Alhamisi, akaliviringisha birika ndani ya madera mawili na kusafiri. Baba alimchukua Malili kwa pikipiki. Alimuuliza ndani ya mfuko kuna nini anakikumbatia hivyo.

"Maneno yangu kwa Baba," akamjibu.

Yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa nilikuwa nyumbani.

Ijumaa asubuhi shangazi aliwasha moto uani, akaweka sufuria kavu na kuanza kukaanga mbegu zile. Miche ya avokado mia moja na hamsini ilikuwa imepangwa kando ya ukuta katika mifuko yake myeusi. Moshi mtamu ulipanda. Babu alitoka nyumbani akijifunga mkanda, akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Mwaitu," akasema. Humwita hivyo, mama, kwa kuwa shangazi amepewa jina la mama mzazi wa babu. "Mwaitu, unakaanga nini?"

"Kahawa, Nau," akasema. Nau kwetu ni baba.

"Kahawa ya nani?"

"Yako."

Babu alitazama barabarani. Kisha, kwa magoti yale yale yasiyopanda matuta, alikimbia. Alikimbia hadi kwenye lango, akalifunga na kulishindilia jiwe, akarudi anahema. "Zima moto! Zima! Harufu inafika barabarani! Unataka nifungwe?"

Hatukuelewa. Shangazi alisimama na mwiko hewani.

"Nani akufunge, Baba?" baba yangu akauliza.

"Hukuwa umezaliwa wewe. Askari walikuja kwa Kalunde, hapo chini. Waliambiwa ameweka kahawa nyumbani. Walimwaga unga wake wote chini wakitafuta, wakampeleka kituoni na viatu vya kuazima. Kahawa si ya kuweka nyumbani! Ni ya kiwanda!"

"Hiyo ilikuwa mwaka gani?"

Nilimwona babu akihesabu. Alimhesabu Kalunde, aliyekufa zamani, akawahesabu wale waliomkamata, ambao bila shaka nao wamekufa, na hesabu ikamfikisha mahali ambapo hakutaka kufika. Kumbe ndiyo sababu. Miaka yote hiyo sikudhani kulikuwa na sababu, na ilikuwa ni hofu, imekaa kimya nyumbani mwetu kama mgeni ambaye hakuna anayekumbuka alikuja lini.

"Siku hizi hakuna mtu anayekuja kupekua jiko, Nau," shangazi akasema kwa upole.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu, Nau."

Babu aliondoa jiwe langoni mwenyewe, lakini taratibu, na alikaa akiangalia barabara mpaka jioni.

Jumamosi watu wawili wa msumeno walifika saa moja na nusu. Shangazi alikuwa ameshatwanga. Alimwomba babu aketi mezani, akamimina maji yaliyotulia, akafunika, midomo yake ikicheza Zaburi. Baba yangu alisimama mlangoni akiangalia saa.

"Katunge, watu wanangoja."

"Dakika nne."

"Kama ni maombi, tuombe baadaye."

Alisukuma fimbo. Alimimina vikombe viwili. Babu alinyoosha mkono kuchukua sukari, naye akaisogeza mbali.

"Onja kwanza."

Babu alionja kama mtu anayeonja dawa. Mkono wake ulisimama. Alitua kikombe mezani, akakitazama, akakiinua tena, akanywa kwa sauti. Macho yalimtoka.

"Umetia nini?"

"Maji."

"Maji na nini?"

"Maji na kahawa yako. Basi."

"Usinidanganye, mwaitu. Hapa kuna matunda. Umetia ndimu. Umetia zambarau."

"Ni tunda, Nau. Ulikuwa unalichuma."

Baba yangu alichukua kikombe cha pili, akanywa, akakunja uso. "Ni kali," akasema. "Mimi nipeni chai."

Babu alimaliza kikombe bila kukitua. Kisha akauliza swali ambalo nadhani shangazi alikuwa akilingoja na kuliogopa.

"Mama yenu alionja hii?"

"Hapana, Nau."

"Hata mara moja?"

"Hapana."

Babu alikitua kikombe. "Mimi ndiye niliyemwambia asilete hata mbegu ndani ya nyumba," akasema. "Aliomba. Mwaka ule wa kwanza ilipozaa. Alisema, tuone ikoje. Nikamwambia, unataka tufungwe."

Shangazi hakuwahi kulisikia hilo. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Alikuwa amekuja na birika ili amshtue baba yake, na sasa ni yeye aliyeshtushwa. Susu alikuwa ameuliza. Mtu mmoja alikuwa ameuliza.

Nje, mmoja wa wale watu aliuwasha msumeno kuujaribu, na sauti yake ikaingia ndani na kuvijaza vyumba vyote.

"Baba," baba yangu akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Miche iko hapo nje. Mvua ya Machi haingoji. Na wewe huwezi kunyunyizia miti mia mbili, hata kahawa iwe tamu namna gani."

"Siwezi," babu akasema.

"Wacha isikatwe, Nau," shangazi akasema. "Nitakuja mimi kunyunyizia."

"Kutoka Kyuso?"

Babu hakulisema hilo kwa ubaya. Aliinuka kwa kushika meza.

"Hii uliichuma wapi?"

"Tuta la tatu. Upande wa mtoni."

"Upande wa mtoni," babu akarudia. Alitoka nje, akapita kando ya miche, akashuka, na sisi tukashuka nyuma yake. Watu wa msumeno walitufuata wakidhani kazi imeanza. Kwenye tuta la tatu alisimama.

"Kateni," akawaambia. "La kwanza, la pili, la nne, la tano. Hili msiliguse."

"Lote, mzee?"

"Lote."

"Ni miti arobaini hiyo, Baba," baba yangu akasema. "Arobaini ni kidogo, kiwanda hakitatuma gari kwa arobaini."

"Haiendi kiwandani."

"Inaenda wapi?"

Babu alimtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Mdomoni," akasema.

Shangazi alikuwa ameomba mia mbili na akapewa arobaini. Nilitarajia alie wakati mti wa kwanza wa tuta la kwanza ulipolala, lakini hakulia. Alisimama amekunja mikono, anatazama majani yakitetemeka chini, mdomo wazi kidogo. Ulianguka wa pili, na wa tatu, na harufu ya mbao mbichi ikatufikia.

Babu hakutazama huko. Alikuwa amesimama mbele ya tuta lake akiipa mgongo miti ile arobaini, mikono ameinyoosha pande zote mbili, kama kwamba wale vijana wa msumeno walikuwa vipofu au viziwi na huenda wakasahau. Shangazi alimletea kiti. Hakukaa. Msumeno ulipovuka kwenda tuta la nne, alisogea hatua moja upande ule na kunyoosha mikono tena.